Breki za lori hazifeli ghafla: jinsi zinavyochoka na jinsi ya kuzikagua

Lori likiacha njia mteremkoni, taarifa ya kwanza kutoka eneo la tukio huwa na maneno mawili: breki zimefeli. Ndivyo ilivyotangazwa awali baada ya ajali ya Ngaramtoni, Arusha, ya tarehe 24 Februari 2024, ambapo lori liliyagonga magari mengine kwenye barabara ya Namanga na watu 25 wakapoteza maisha. Maneno hayo husikika kwenye mlima Kitonga mkoani Iringa, husikika kwenye miteremko ya Iwambi na Mbalizi mkoani Mbeya, na wenzetu wa Kenya wameyasikia kwa miaka mingi Salgaa na Sachangwan. Anayeyasikia hudhani kuna kitu kilikatika wakati uleule, bahati mbaya ambayo hakuna aliyeweza kuiona ikija.

Sisi tunaoingia chini ya magari haya kuyakagua tunajua kwamba mara nyingi sivyo. Breki za lori huchoka polepole, kwa wiki na miezi, na katika muda wote huo huonyesha dalili ambazo mtu mwenye tochi na rula anaweza kuziona. Mteremko huja mwishoni tu, kudai nguvu ambayo breki hazikuwa nayo tangu gari lilipotoka yadi.

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi. Malori makubwa hutumia breki za upepo, na mfumo huo umebuniwa ili gari lisimame upepo ukiisha. Kwenye magurudumu ya nyuma ya hosi, yaani kichwa kinachovuta, na kwenye tela kuna chemba, vile vyungu vya chuma vinavyopokea upepo wa breki, zenye springi yenye nguvu sana. Upepo ndio unaoibana springi hiyo ili gari litembee. Upepo ukivuja wote, springi inafunguka na kukaba magurudumu. Kwa hiyo lori linaloshuka bila kushikika huwa, mara nyingi, na upepo wa kutosha kabisa. Dereva anaiona geji iko sawa, anakanyaga, anasikia upepo ukipumua, na gari linazidi kukimbia. Kilichokosekana ni mkabo: brekishuu, vile vipande vinavyosugua ili kusimamisha gurudumu, hazifiki kwenye dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, kwa nguvu inayotakiwa.

Sababu yake ni joto pamoja na umbali. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za hosi na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela. Jumla ni tani 50 kwa lori la ekseli sita tunalolizoea. Lori hilo likishuka kimo cha mita 100 tu, nishati inayopaswa kumezwa na breki na injini inatosha kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji ya bomba. Zidisha hiyo kwa kimo cha Kitonga. Dereva akishuka kwa gia kubwa huku mguu ukiwa kwenye breki muda wote, karibu joto hilo lote linaingia kwenye dramu. Chuma kikipata joto hutanuka, kwa hiyo dramu inapanuka na kuzidi kujitenga na brekishuu. Fimbo inayosukumwa na chemba ya breki inalazimika kusafiri mbali zaidi ili kuzifikisha brekishuu kwenye dramu. Fimbo hiyo ina mwisho wake. Ikiwa gari lilitoka yadi fimbo ikiwa tayari inakaribia mwisho, joto la mteremko linamalizia nafasi iliyobaki, na kuanzia hapo hata dereva akikanyaga kwa miguu miwili hakuna kinachoongezeka.

Kipimo cha jambo hili ni rahisi, nasi tungependa kila yadi ikifanye angalau mara moja kwa wiki. Egesha lori mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, kisha achia breki ya kuegeshea. Utingo au fundi aingie chini na chaki, apige alama kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Dereva akanyage breki hadi mwisho na kushikilia, geji ikiwa kati ya bar 6 na 7, injini imezimwa. Sasa pima alama ya chaki imesogea kiasi gani. Kwa chemba ya kawaida ya namba 30, ambayo ndiyo iliyoenea kwenye malori mengi, fimbo haitakiwi kusogea zaidi ya milimita 51, yaani inchi mbili. Namba ya chemba huwa imeandikwa kwenye mwili wake au kwenye bangili inayoufunga, ukishafuta vumbi. Rudia kwa kila gurudumu, kushoto na kulia. Wakaguzi wa Marekani, Kanada na Mexico wana kanuni kwamba breki mbovu zikifikia asilimia 20 ya breki zote, gari halitembei tena mpaka litengenezwe hapohapo. Kwa lori letu lenye breki 12, hiyo ni breki tatu tu.

Hapa ndipo tunapokutana na mazoea ambayo ni lazima tuyaseme hadharani. Malori mengi ya sasa yana slaki, yaani mikono inayounganisha fimbo ya chemba na shafti ya breki, zinazojirekebisha zenyewe kadiri brekishuu zinavyolika. Ukikuta slaki ya aina hiyo imelegea, maana yake kuna ubovu: slaki yenyewe imekufa, au bushi za shafti ya breki zimeisha, au chemba imechoka. Fundi wa njiani huchukua spana, anaikaza kwa mkono, fimbo inarudi kwenye kipimo, dereva anashukuru na kuondoka. Baada ya siku chache imelegea tena, maana ubovu haukuguswa. Kuikaza slaki ya kujirekebisha kwa mkono kila mara ni kuuficha ugonjwa, na ni hatari hasa kwa sababu kila mtu anaamini kazi imefanyika.

Baya zaidi ni kuzifungia breki. Mpira wa ndani ya chemba ukipasuka, upepo unavuja, na lori linajikaba njiani. Dereva aliye mbali na gereji hubana mpira wa upepo unaokwenda kwenye chemba hiyo, au huikaza springi kwa bolti yake ndefu ili gurudumu liachie, kisha safari inaendelea. Bolti hiyo imewekwa na watengenezaji ili gari liweze kuondolewa barabarani na kupelekwa gereji. Tunakuta malori yaliyotembea hivyo kutoka bandarini hadi mpakani na kurudi, tena gurudumu zaidi ya moja. Gari la namna hiyo limepokonywa breki yake na pia kinga yake ya mwisho, kwa kuwa springi iliyobanwa haitafunguka hata upepo ukiisha wote.

Na mara nyingi gurudumu hilo ni la tela. Hosi ina dereva wake anayeijua sauti yake na kuililia ikiumwa. Tela huunganishwa leo na hosi hii, kesho na ile, na hakuna anayejihesabu kuwa mwenye tela. Daftari la matengenezo la kampuni linaonyesha hosi ilibadilishwa oili lini, lakini ukiuliza tela namba fulani iliwekewa brekishuu mpya mwezi gani, watu wanatazamana. Tani 24 kati ya 50 ziko juu ya ekseli za tela. Kila tela iwe na daftari lake, lenye tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na jina la fundi aliyekibadilisha. Hatuoni njia nyingine.

Wamiliki wengine hutuonyesha stika ya ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, au hutuambia gari lilipita salama mizani za Vigwaza na Mikumi. Stika inasema hali ya gari siku lilipokaguliwa. Mizani inapima uzito, wala haijui kama breki ya kushoto ya ekseli ya tano inafanya kazi. Ukaguzi wa serikali ni wa lazima na tunautetea, lakini lori la masafa marefu linaweza kumaliza brekishuu na kuweka nyingine kabla mwaka haujaisha. Katikati hapo mkaguzi ni dereva na utingo wake.

Kazi yao ya asubuhi inaanzia kwenye upepo. Kompresa ijaze mitungi hadi ikate yenyewe. Kwenye malori mengi ni kati ya bar 8 na 10. Zima injini, weka vigingi, achia breki ya kuegeshea, kisha kanyaga breki na ushikilie kwa dakika moja. Baada ya mshuko wa mwanzo, geji ya lori lenye tela isipungue zaidi ya bar 0.3. Ikipungua zaidi, kuna uvujaji, na sikio hulipata tundu haraka kuliko jicho. Halafu pampu pedali mara kwa mara ili upepo ushuke: taa na kengele ya onyo viwake kabla geji haijafika bar 4. Tumekuta kengele zilizokatwa waya kwa sababu zilikuwa zinasumbua. Mwisho, safari ikiisha jioni, fungua vali za chini ya mitungi, maji yatoke. Yakitoka maji yaliyochanganyika na oili nyingi, kompresa inaomba fundi.

Tairi zinahitaji nyundo, macho na mkono. Gonga kila tairi, hasa za ndani kwenye magurudumu pacha, kwa kuwa iliyopungua upepo hujificha nyuma ya mwenzake, inapata joto na kupasuka mchana wa jua kali. Tazama mbavu zake kama zina nyufa, na usome tarakimu nne za tarehe: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kuhusu nati, tafuta michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kuelekea ukingo wa rimu. Michirizi hiyo inaonyesha kwamba nati inacheza. Gurudumu lililofunguliwa na kufungwa upya likazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, bila kujali fundi aliyelifunga ni hodari kiasi gani.

Wabebaji wa makontena wakague vile vifungio vinne vya kwenye kona kabla ya kutoka getini. Kontena ambalo halijafungwa hubaki juu ya tela kwa uzito wake tu, mpaka kona ya kwanza kali. Na pembetatu za kuakisi mwanga ziwemo garini, maana matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani hayaonekani usiku na mtu anayekuja kwa kasi.

Tunajua dereva anayesema "gari hili sitoki nalo" anaweza kurudi nyumbani bila kazi. Posho yake iko kwenye safari, mzigo una tarehe ya meli au ya mpaka, na mwenye gari anapiga simu. Ndiyo maana ujumbe wetu mzito ni kwa mwenye gari. Weka kwa maandishi kwamba dereva akiripoti ubovu wa breki, usukani, tairi au kiungo cha tela, lori halitoki mpaka fundi asaini, na dereva hakatwi senti. Agiza pia kwamba eksozi breki na ritada, vifaa vinavyopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu, zikiharibika zitengenezwe kama breki nyingine yoyote, kwa sababu ndizo zinazouweka mguu wa dereva mbali na pedali mlimani.

Mlimani kwenyewe, dereva ashushe gia kabla ya kuanza kuteremka, wala asitie gari huru kwa kutafuta nafuu ya dizeli. Akisikia harufu ya kuungua au akiona moshi kwenye magurudumu wakati breki bado zinashika, asimame hapo hapo penye nafasi salama, asisubiri kumaliza mteremko. Utingo ashuke na vigingi aviweke upande wa chini wa magurudumu, na pembetatu ziwekwe nyuma ya gari. Wasimwagie maji dramu, kwani chuma chenye joto kikipozwa ghafla hupasuka. Gari lipoe lenyewe, hata kama itachukua saa nzima, kisha fimbo zipimwe kwa chaki ileile, na likishindwa kipimo liitiwe fundi kabla gurudumu halijazunguka tena.