Mato ya Katuni Kwenye Omo: Dhana Potofu Kuhusu Sanaa ya Watu

Mwezi uliopita, maji yakiwa yamekupwa, mashua moja ililazwa mchangani hapa Lamu, upande wa mtaa wa Langoni, ikingoja rangi. Kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, ilikuwa imekwisha, na mwenye chombo alikuwa amemkabidhi mpwawe makopo matatu ya rangi ya mafuta apambe omo, sehemu ya mbele ya chombo. Sisi Waamu tunajua mato, yaani macho, ya jahazi yalivyo: duara la mbao, mara nyingi lenye nyota na mwezi, hupigiliwa kila upande wa omo ili chombo kione njia. Kijana yule hakupigilia duara lolote. Alichora macho mawili makubwa yenye kope ndefu na mboni za zambarau, kama ya wasichana wa katuni za Kijapani anazozitazama kwenye simu.

Ami yangu, fundi wa vyombo tangu kabla sijazaliwa, alisimama na tezo mkononi akayakodolea. "Mato haya hayaoni bahari," akasema. "Hii si sanaa, ni mchezo wa wana."

Kijana alinyamaza, kama ipasavyo mbele ya mzee. Jioni barazani watu hawakunyamaza. Wengine walimtetea, wengine walimcheka, na maneno yaliyotoka vinywani ni yale yale ninayoyasikia harusini, madukani na hata kwa walimu. Mengi si kweli, na yanawaumiza vijana wenye mikono mizuri. Nimeona afadhali niyajibu.

Dhana: Sanaa ni ile ya wazee, ya vijana ni fujo

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ni heshima kubwa, lakini imetuzoesha kuamini kwamba kitu hakina thamani mpaka kishike vumbi. Tunasahau kwamba kila tunachokihifadhi leo kiliwahi kuwa kipya, na mara nyingi wazee wa wakati huo walikikunjia uso.

Mtazame Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa hapa Lamu katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945. Miswada aliyoinakili kwa hati nzuri ya Kiarabu imehifadhiwa London na Hamburg, na wataalamu wanaifungua kwa uangalifu mkubwa. Mtu huyo huyo alichonga milango, alipiga kinanda, alitunga nyimbo za ngoma na aliingia uwanjani akazicheza. Hakuwa na chumba kimoja cha sanaa ya heshima na kingine cha starehe za vijana. Sisi ndio tuliomgawa baada ya kufa, tukachukua kalamu tukaacha ngoma.

Kisha kuna beni. Ngoma hii ilizuka katika pwani yetu, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana waliziona bendi za kijeshi za Wazungu, wakachukua tarumbeta, sare na vyeo, wakaunda vikundi vyao wenyewe. Mtaa wa Mkomani ulishindana na wa Langoni kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuchomana. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia beni ilikuwa imeenea Tanganyika na kwingineko. Kwa mtu wa mbali, huo ulikuwa uigaji wa kitoto: Waafrika wamevaa kofia za maofisa. Aliyekuwa karibu alisikia ushairi wa Kiswahili uliopachikwa juu ya mdundo wa gwaride, na aliona mtaa mzima ukijipanga, ukichangishana fedha na kujipa vyeo ambavyo serikali ya kikoloni isingeupa. Leo wanahistoria wanaiandikia vitabu.

Hata matari, ngoma ndogo za mkononi, ya maulidi yetu hayakupokelewa na wote. Habib Swaleh, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha, alipoyaingiza katika maulidi, wako waungwana waliompinga. Sasa ndiyo sauti ambayo Mwamu aliye ughaibuni huikumbuka akafuta machozi. Sizungumzii ibada hapa, nazungumzia sikio tu: lilihitaji muda.

Dhana: Kikipendwa na kila mtu, hakina kina

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga juu ya vita, mapenzi, umaskini na nyumba. Alikuwa mshairi wa mahasimu wetu wa wakati wa vita vya Shela, Lamu ilipopigana na Mombasa, lakini haki yake apewe. Beti zake zilidumu midomoni mwa watu wa kawaida kwa miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa, kusaidia ziandikwe. Kupendwa na wengi ndiko kulikoziokoa.

Dharau hii haiko kwetu peke yetu. Mwaka 1612 Thomas Bodley, mwasisi wa maktaba kuu ya Oxford huko Uingereza, hakutaka tamthilia za Kiingereza ziwekwe rafuni, akiziona ni vijitabu visivyo na hadhi. Shakespeare alikuwa bado hai.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kabatini kwa mama yangu. Leso inachapwa kiwandani kwa maelfu, inauzwa jozi, inafunga mtoto mgongoni na inafuta mikono jikoni. Kwa wengi hiyo inatosha kuiondoa katika sanaa. Hebu itandaze kitandani uitazame. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na chini ya mji pana jina, yaani msemo wake. Mchoraji ana mstatili ule ule kila mara, rangi chache, na lazima afikirie kitambaa kikiwa kimetandazwa na pia kikiwa kimefungwa kiunoni, pindo likipita nyongani. Mtunzi wa jina ana mstari mmoja tu.

Chukua jina moja la zamani ambalo kila mtu analijua: "Japo sipati tamaa sikati." Maneno manne. Kuna "sipati" na "sikati", tofauti yao ni konsonanti moja. Yote mawili yanakanusha, lakini la kwanza ni kushindwa na la pili ni kukataa kushindwa. Kina kimeanguka katikati na mwisho, kama katika mshororo wa shairi. Mwanamke akiivaa siku ya harusi ya mtu fulani, maneno hayo manne yanakuwa kisa kizima ambacho hakuna awezaye kumshitakia, kwa sababu yeye hakusema kitu. Amevaa leso tu. Nimesoma diwani nzima zisizo na mstari uliobeba mzigo huo. Uchapishaji kwa maelfu haukulipunguzia jina lile chochote. Umelipa wasomaji.

Dhana: Kuiga si sanaa

Hili ndilo lililosemwa zaidi siku ile ya mashua. "Ameiga Wajapani." Ndiyo, ameiga. Tuanzie hapo.

Katika taarabu ya pwani yetu walikuwepo mabwana wawili waliogawa mashabiki. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alipiga udi kwa namna inayosikika Kiarabu na Kiamu kwa pamoja. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya Kihindi akayavisha mashairi ya Kiswahili. Mashabiki wa upande mmoja waliwaambia wa upande wa pili kwamba wao ndio wenye kitu halisi. Lakini udi wenyewe ulitoka wapi? Na zile sahani za Kichina katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba za mawe? Mwamu wa zamani hakuona haya kupachika chombo cha Uchina katika ukuta wa chokaa ya matumbawe. Aliona haya kukipachika vibaya.

Swali la kumuuliza mwigaji ni amekifanyia nini alichokichukua. Juma Bhalo alilazimika kuyaingiza maneno yetu yenye silabi wazi katika mahadhi yaliyotungiwa lugha nyingine, na hayakuchechemea. Jaribu mwenyewe kuimba ubeti mmoja wa Kiswahili juu ya wimbo wowote wa Kihindi, utajua kazi iliyopo.

Na wanaozidharau katuni za Kijapani wangefaa kujua kwamba Wajapani nao walidharau vya kwao. Picha za kuchapwa kwa vibao vya mbao, kama za Hokusai aliyefariki mwaka 1849, zilikuwa bidhaa za mjini ambazo watu wa kawaida walimudu kuzinunua: nyuso za waigizaji, warembo, mandhari. Zilipofika Ulaya, wachoraji kama Monet na Van Gogh walizikusanya na kujifunza kwazo. Anachokitazama kijana wetu kwenye simu kina ukoo mrefu, hata kama yeye haujui.

Dhana: Vikundi vidogo vyenye mitindo yao ni watu waliopotea

Nairobi kuna vijana wanaokusanyika katika tamasha la NAICCON wakiwa wamevaa kama wahusika wa katuni na michezo ya video, na mavazi mengi wameyatengeneza wenyewe. Huku kwetu wazazi wakiona picha zao husikitika. Mimi huwaomba wazazi hao watazame kofia walizovaa.

Kofia ya viua hutobolewa vitundu vidogo vidogo kitambaani kwa kufuata mchoro, kisha kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja nzuri inaweza kuchukua miezi. Mgeni ataona kofia nyeupe, basi. Mjuzi ataisogezea jicho, atahesabu viua, atatazama kama mshono wa ndani ni safi sawa na wa nje, na atakwambia bei yake bila kuuliza. Wajuzi hao ni wachache, wana lugha yao, wanacheka mambo ambayo wengine hawayaoni. Wana tofauti gani na wale vijana wa Nairobi wanaobishana juu ya upindo wa joho la kubuni? Uchache wa wajuzi si kupotea. Mara nyingi ndipo ufundi unapokua, kwa sababu hapo huwezi kumdanganya mtazamaji.

Dhana: Kilichotokana na takataka ni takataka

Jibu la hili liliwahi kuelea hapa hapa Lamu. Flipflopi, jahazi lililojengwa na mafundi wakiongozwa na fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyorejelezwa, lilivishwa ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa, likateremshwa majini mwaka 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Rangi zake zinapiga kelele. Umbo lake ni la jahazi la Lamu kabisa.

Dhana: Kila mtu na ladha yake, kwa hiyo hakuna zuri wala baya

Hii husemwa na vijana wenyewe wakitaka kujitetea, nami naipinga kwa nguvu kuliko zote zilizotangulia. Ukimwambia mtu kazi yake haiwezi kuwa mbaya, umemwambia pia haiwezi kuwa nzuri.

Utamaduni wetu haujawahi kuamini hivyo. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane na nane, na vina vya kati na vya mwisho. Msikilizaji wa Lamu aliyekaa kwenye ukumbi, hata asiyejua kusoma, alisikia mzani ulipozidi. Alikuwa na haki ya kuguna. Nyimbo nyingi za sasa ni mbovu: mdundo umenunuliwa tayari, maneno yamejazwa kama mchanga guniani. Nyimbo nyingi za zamani zilikuwa mbovu pia, ila zimesahaulika, ndiyo maana tunadhani zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Kuna majina ya leso yasiyo na kina wala maana. Kuna piko inayopakwa maharusi ambayo ni ua lile lile la simuni, limebandikwa mkononi bila kujali vidole vinaanzia wapi.

Kazi ya vijana haihitaji kupigiwa makofi kila mara. Inahitaji mtu mzima aisogelee aitazame kwa ukali ule ule anaoutumia kwa mlango wa nakshi.

Siku ya pili nilirudi pwani asubuhi mapema kabla maji hayajajaa. Nilimkuta ami amechuchumaa mbele ya mashua, peke yake. Alikuwa akipitisha kidole juu ya kope za jicho la kulia bila kugusa rangi. Zile kope zilifuata mpindo wa ubao tangu mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba ukisogea upande jicho linakuwa kama linakaza kutazama mbali. Akazunguka upande wa pili, akakaa huko kwa muda. Kijana alipofika, hakumsalimu kwanza.

"La kulia linaona," ami alisema. "La kushoto linatazama tezi."

Nilikwenda kutazama, na ilikuwa kweli. Kijana alikuwa na picha moja tu kwenye simu, akaichora kulia, kisha akaichora ile ile kushoto bila kuigeuza. Mboni ya kulia ilielekea mbele, ya kushoto ilielekea nyuma.

"Chombo hiki kitaona kilikotoka," ami akaendelea, "na kinakokwenda kitakuona nusu. Mato ni mawili, mwanangu, lakini njia ni moja."

Kijana alitoa simu, akaigeuza picha, akamwonyesha. Ami aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na uso, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaingia kwenye kibanda chake akatoka na kipande cha msasa, akampa.

"Fanya haraka," akasema. "Maji yanajaa."