Kano ni nini, na kwa nini makongoro hayana nyama

Agiza supu ya makongoro asubuhi Ngamiani, Tanga, halafu itafute nyama ndani ya bakuli. Utakuta mfupa, utakuta ngozi laini inayonata vidoleni, utakuta vipande vyeupe vinavyoteleza mdomoni. Ile nyama nyekundu yenye nyuzi huioni. Muuzaji hajakupunja. Ng'ombe mwenyewe karibu hana nyama sehemu hiyo: kuanzia gotini kwenda chini mguu wake ni mifupa, ngozi, kwato na kano. Hata hivyo kwato zile zinakunjika, zinanyooka, na zikikupata kwa teke utakumbuka. Sasa nguvu inatoka wapi?

Inatoka juu. Msuli umekaa huko juu ya goti, na kazi yake inafanyika mbali, chini kabisa. Kinachofikisha nguvu kutoka kwenye msuli hadi kwenye mfupa ndicho kinachoitwa kano.

Kwa maneno machache, kano ni ugwe mweupe, mgumu, unaounga msuli na mfupa. Msuli ukijikaza unafupika, kano inavutwa, mfupa unafuata, na kiungo kinakunjika. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: msuli unajua kuvuta tu, kusukuma hauwezi. Ndiyo maana misuli mingi imepangwa kwa kupingana. Mbele ya mkono wa juu kuna msuli unaokunja kiwiko, nyuma yake kuna mwingine unaokinyoosha, na kila mmoja umefungwa kwenye mfupa kwa kano yake.

Ukitaka kuiona kazi hii kwa macho, usubiri siku ya kuchinja kuku. Chukua mguu uliokatwa, ule wenye magamba, utazame pale ulipokatwa. Utaona ncha nyeupe zinazong'aa. Ishike moja ya nyuma, kwa koleo ikibidi maana zinateleza, kisha uvute. Vidole vya kuku vitajikunja vyote kana kwamba anashika kijiti. Ukivuta ya mbele vitanyooka. Kuku hayupo, msuli haupo, umebaki wewe unayevuta badala yake.

Mkono wako haupishani sana na mguu huo. Vidole vya binadamu havina misuli ya kuvikunja ndani yake. Misuli midogo ipo kiganjani, lakini ile yenye nguvu ya kubeba ndoo au kukamua nguo imekaa kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Shika sehemu hiyo kwa mkono wa pili, upande wa ndani, kisha chezesha vidole. Utaisikia misuli ikitembea chini ya ngozi. Kano zake hupita kifundoni kwenye njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na utando mgumu: kano 9 pamoja na neva moja, yaani uzi unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili, zote zimebanana humo. Zikivimba, inayoumia ni neva, kwa kuwa ndiyo laini kuliko wenzake. Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku. Mtu atalaumu baridi au atasema amelalia mkono, kumbe tatizo liko kifundoni.

Buchani ni mahali pazuri pa kujifunza kutofautisha vitu hivi, kwa sababu wengi wetu kila kinachofanana na uzi ndani ya mwili tunakiita mshipa na kuishia hapo. Mshipa wa damu una tundu katikati, ukiukata utaliona. Neva haina tundu. Ina weupe uliofifia, ni laini, na kazi yake ni kupeleka habari: amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, na taarifa za maumivu, joto na mguso kurudi huko. Kano inang'aa na kisu butu hakiiwezi. Kuna pia ligamenti, ambayo kwa macho inafanana sana na kano, ila yenyewe inaunga mfupa na mfupa. Mtu akiteguka kifundo cha mguu kwa kukanyaga shimo, mara nyingi kilichovutika ni ligamenti.

Kwa mkazi wa Tanga, umbo la ndani la kano si la kigeni: limepangwa kama kamba ya katani. Nyuzi nyembamba mno za protini inayoitwa kolajeni zimefungwa katika mafungu, mafungu hayo yamefungwa katika mafungu makubwa zaidi, na karibu zote zinaelekea upande mmoja, upande wa mvuto. Ukichemsha kolajeni kwa saa nyingi inalegea na kugeuka jelatini, na supu hiyo ikipoa inaganda. Anayepika makongoro kwa haraka atawalisha wateja wake mpira.

Huo ugumu una bei yake. Kano ina mishipa michache ya damu kuliko msuli, kwa hiyo ikiumia inapona polepole, kwa wiki nyingi na wakati mwingine miezi.

Tukiwa bado buchani, mtazame mbuzi aliyetundikwa kwa miguu ya nyuma. Kulabu imepitishwa kwenye uwazi kati ya mfupa na kano nene, na uzito wa mnyama mzima umeshikiliwa hapo. Kano hiyo ni ndugu ya kano yako ya kisigino, ile unayoweza kuibana kwa vidole viwili nyuma ya mguu juu ya kiatu. Kile kinachoonekana kama goti la mbuzi lililogeuzwa nyuma ni kisigino chake, maana mbuzi na ng'ombe hutembea kwa ncha za vidole. Vivyo hivyo, goti la mbele la ng'ombe ni kifundo chake cha mkono, na ule mfupa mrefu wa kwenye makongoro ni mifupa miwili ya kiganja iliyoungana ikawa mmoja. Mifupa ni ileile, urefu na mpangilio ndio uliobadilika.

Faida ya kuweka nyama juu na kuacha kano ndefu chini ni kwamba mguu unakuwa mwepesi kurusha. Tena kano inavutika kidogo mnyama anapokanyaga, kisha inarudi, na katika kurudi inarejesha zaidi ya asilimia 90 ya nguvu iliyohifadhi. Wewe ukikimbia unafaidi hilo pia kwa kano yako ya kisigino, iliyo nene kuliko kano zote za mwili wa binadamu.

Lakini nayo hukatika. Mara nyingi ni mwanamume wa miaka 30 hadi 50, wiki nzima amekaa ofisini, Jumamosi anaingia uwanjani bila kupasha mwili moto. Anaruka au anaanza mbio ghafla, anasikia mlio, anageuka nyuma kutafuta nani kampiga teke. Hakuna mtu. Hospitali, daktari atamlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, kisha ataminya shavu la mguu. Kano ikiwa nzima, wayo unasogea. Ikiwa imekatika, kwa kawaida wayo unatulia tuli.

Kwa kuchua sina ugomvi. Msuli uliokaza ukichuliwa unalegea. Ila kano iliyokatika haichuliwi ikaungana, kwa sababu msuli huvuta ile ncha ya juu na kuipandisha mbali na mwenzake. Ndiyo maana mtu aliyejikata kidole kwa panga au kisu na kidole kikagoma kukunjika anapaswa kwenda hospitali siku ileile, hata kama jeraha ni dogo na damu imekauka.

Na sipro (ciprofloxacin), dawa ya kuua bakteria ambayo watu huinunua kama peremende, nayo inahusika. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziwekewe onyo kali kwamba zinaweza kuvimbisha kano na hata kuikata. Hatari huongezeka kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi, zile dawa za kupunguza uvimbe. Ukiimeza kisha kisigino kikaanza kuuma, acha kukimbia na umwambie daktari.

Kano nyingine hata haina kazi ya maana. Gusanisha dole gumba na kidole kidogo, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo kuelekea kwako. Watu wengi wataona uzi umeinuka katikati ya kifundo. Wengine hawana kabisa, au wanao mkono mmoja tu, na nguvu ya kushika vitu haipungui kwa namna ya kuonekana. Madaktari wa upasuaji wanaipenda kano hiyo: wakihitaji kipande cha kuungia kano ya kidole iliyoharibika, mara nyingi huitoa hapo.