Gharama za mazingira hotelini: yanayosemwa na yaliyomo vitabuni

“Sisi hatuna gharama za mazingira, tuna bili za umeme na maji tu.”

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Gharama za mazingira, yaani fedha zinazoishia kwenye nishati, maji na taka, zimo vitabuni tayari, ila zimekaa mahali ambapo hazina mwenyewe. Upo mfumo wa pamoja wa hesabu za hoteli uliotolewa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1926, na hoteli nyingi duniani zinaufuata hadi leo. Katika mfumo huo umeme, maji na nishati nyingine huingia kwenye fungu la gharama zisizogawiwa idara. Kwa hiyo mpishi mkuu huulizwa bei ya nyama, haulizwi gesi aliyochoma. Msimamizi wa kufulia huulizwa sabuni. Bili ikija kubwa anaitwa fundi mkuu, ambaye hapiki, hafui wala halali vyumbani.

Chukua maji ya moto. Kuipasha mita 1 ya ujazo ya maji ili joto lake lipande kwa nyuzi 40 za Selsiasi kunataka takriban kilowati-saa 46, bila kuhesabu joto linalopotea kwenye boila na mabomba. Bomba la maji ya moto likivuja, hoteli inalipia maji, inalipia joto, na mara nyingi inalipia pia majitaka. Kwenye leja malipo hayo yako mistari mitatu mbalimbali, na hakuna hata mmoja ulioandikwa “uvujaji”. Kuikusanya mistari hiyo, kuipa jina na kumkabidhi mtu anayeweza kuipunguza, huo ndio uhasibu wa mazingira. Toleo la 12 la mfumo huo, lililopangiwa kuanza kutumika Januari 2026, limeongeza jedwali la nishati, maji na taka. Ni hatua nzuri, ingawa imechelewa mno.

“Gharama ya taka ni anacholipwa mzoa taka.”

Hicho ni kipande kidogo tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14051 cha mwaka 2011, kinachohusu gharama za mtiririko wa malighafi, kinataka kila kinachotupwa kibebe bei ya kununuliwa, nishati iliyokipoza na kukipika, pamoja na saa za kazi. Sinia la bafe linalorudi jikoni nusu lilishanunuliwa, likahifadhiwa kwenye baridi, likakatwakatwa na kupikwa kabla halijafika kwenye pipa. Mzoa taka anakuja mwisho kabisa.

Ripoti moja ya mwaka 2018 iliangalia hoteli 42 katika nchi 15 zilizojitahidi kupunguza chakula kinachotupwa. Kwa wastani, kila dola 1 iliyowekezwa iliokoa dola 7 za gharama za uendeshaji ndani ya miaka 3. Hatua zenyewe hazikuwa na maajabu: kupima kinachotupwa, kufundisha wafanyakazi, kuboresha uhifadhi, kupanga menyu upya. Mizani na daftari vinatosha kuanzia.

“Matumizi kwa kila chumba kilichouzwa yameshuka, basi tumeboreka.”

Huenda, huenda sivyo. Tuchukue mfano wa kubuni: hoteli inatumia kilowati-saa 2,000 kwa siku hata ikiwa tupu, kwa ajili ya taa za ukumbini, majokofu, pampu na lifti, kisha kila chumba chenye mgeni kinaongeza 10. Vikiuzwa vyumba 40, jumla ni 2,400, sawa na 60 kwa chumba. Vikiuzwa 80, jumla ni 2,800, sawa na 35 kwa chumba. Ripoti itajivunia kushuka kwa zaidi ya asilimia 40, na hakuna aliyezima hata taa moja. Umeme uliotumika umepanda.

Kipimo cha chumba kwa usiku kina matumizi yake. Mbinu ya pamoja ya kupima kaboni ya hoteli, yaani gesi zake zinazopasha dunia, iliyozinduliwa 2012 inakitumia, kwa sababu mteja wa kampuni anataka kujua fungu lake la kaboni. Lakini kumpima meneja kwa namba hiyo peke yake ni kumpa sifa za idara ya mauzo. Ukiletewa mchoro wa namna hii, omba uonyeshwe pia jumla, idadi ya wageni, na hali ya hewa ya kipindi hicho.

“Kaboni yetu ni umeme na dizeli.”

Na gesi ya viyoyozi je? Kilo 1 ya R-410A, mojawapo ya gesi hizo, ikivuja ina nguvu ya kupasha dunia sawa na takriban kilo 2,088 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Fundi akijaziliza kilo 5 zilizovuja, hizo ni zaidi ya tani 10. Kitabuni zimeandikwa “matengenezo”.

“Hoteli zinazopima mazingira zina faida kubwa, kwa hiyo kupima kunaleta faida.”

Inawezekana mambo yako kinyume: hoteli yenye faida ndiyo yenye fedha za kununua mita na kuajiri mtu wa kuzisoma. Mita haipunguzi bili. Anayepunguza ni mtu aliyeisoma akafanya uamuzi. Hata hapo kuna kikwazo ambacho waandishi wengi wa uendelevu hukipita haraka. Hoteli nyingi zina mmiliki mmoja na kampuni nyingine inayoendesha. Mmiliki ndiye anayegharamia boila mpya, ilhali ujira wa mwendeshaji hutegemea zaidi mapato na faida ya uendeshaji. Akiba inaonekana kwenye kitabu cha huyu, mtaji umetoka mfukoni mwa yule. Kabla ya kulaumu uzembe, soma mkataba.

“Tuna kadi ya taulo bafuni.”

Mwaka 1986 mwanamazingira wa Marekani Jay Westerveld alizikejeli hoteli kwa kadi hizo, na kejeli yake ndiyo iliyozaa jina la Kiingereza “greenwashing”, yaani kujipaka rangi ya kijani ili uonekane unajali mazingira. Taulo zisizofuliwa zinaokoa kweli, ila mashine isiyopima uzito wa mzigo, ikiwashwa nusu tupu, hula maji karibu yaleyale. Mhasibu anayetaka kuijua akiba hiyo aende chumba cha kufulia, aulize mashine imewashwa mara ngapi mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, kisha alinganishe na wageni waliolala.