Wamama wa Goma wanauliza kuhusu ukeketaji

Siku ya kupima mimba benchi la kliniki linajaa kabla ya saa mbili asubuhi, na wamama wanaulizana yale ambayo nyumbani hayasemwi. Haya ni maswali waliyoniuliza kuhusu ukeketaji, yaani kumkata msichana au mwanamke sehemu za siri pasipo sababu ya matibabu.

Sisi huku Kivu hatukati. Linatuhusu nini?

Kweli, si desturi ya huku. Lakini Goma ni mji wa mpakani na Rwanda: watu wanaoa mbali, wanahama, wanarudi na familia. Mwaka 2024 UNICEF ilikadiria kwamba wasichana na wanawake zaidi ya milioni 230 walio hai wamekeketwa, na baadhi yao wanazalia hapa. Tena sheria yetu ya Kongo ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamhusu yeyote anayeharibu viungo vya uzazi vya mtu: kifungo cha miaka 2 hadi 5, au cha maisha mtu akifa.

Wanakata nini hasa?

Shirika la Afya Duniani linataja aina 4. Ya kwanza ni kukata kinembe, kile kiungo kidogo cha hisia juu ya uke. Ya pili, kinembe pamoja na mashavu madogo ya uke. Ya tatu ndiyo nzito: mashavu yanakatwa na kuunganishwa, kinabaki kitundu cha kupitisha mkojo na damu ya mwezi. Ya nne ni kutoboa, kuchanja, kuchoma na mengine ya namna hiyo. Hakuna hata moja yenye faida kwa afya. Mtoto anaweza kuvuja damu mpaka afe, au kupata pepopunda. Miaka ikipita, mkojo unamchoma, tendo la ndoa linamuuma, anachanika wakati wa kuzaa. Hata akikatwa na daktari kwa sindano ya ganzi, kilichokatwa hakirudi.

Lakini ni mila yao, na wengine wanasema ni dini. Sisi ni nani tuwahukumu?

Swali hili nalipenda, maana anayeliuliza hataki kudharau watu. Mama anayempeleka binti yake kwa ngariba mara nyingi anampenda. Anachoogopa ni binti kukosa mume na kuchekwa na wenzake. Kwa hiyo tusimtukane.

Kuhusu dini, Biblia haiamuru, Kurani haiamuru, na mwaka 2007 wanazuoni wa Al-Azhar, chuo cha Kiislamu cha Cairo, walitamka kwamba jambo hili halina msingi katika sheria ya Kiislamu.

Huko Kenya, Dkt. Tatu Kamau alikwenda mahakamani mwaka 2017 akidai mwanamke mtu mzima aachwe ajiamulie. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilimkatalia: majaji waliangalia shinikizo la jamii, na jinsi asiyekatwa anavyotengwa. Naona waliona sawa. Na mtoto wa miaka 8 je, atakubali au kukataa kwa kauli gani?

Sherehe inaweza kubaki, kisu kikaondoka. Tharaka, Kenya, mwaka 1996 familia zilianza Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Wasichana wanakaa ndani siku kadhaa wakifundishwa utu uzima, halafu wanatoka wakishangiliwa, miili yao mizima.

Mbona wavulana wanatahiriwa?

Mvulana anaondolewa ngozi ya mbele tu. Kumkata msichana kinembe ni kama kumkata mvulana kichwa cha uume. Wapo wanaosema mvulana naye asubiri akue aamue mwenyewe. Ni mjadala halali, lakini usitumiwe kuufunika huu.

Na kuvuta mashavu ya uke ili yarefuke, ile gukuna ya majirani wa Rwanda, nayo ni ukeketaji?

Hapa wamama wanacheka kwanza, kisha wananyamaza. Zamani Shirika la Afya Duniani liliweka kuvuta mashavu katika aina ya nne. Tangu 2008 hakumo tena katika mifano yake. Hakuna kinachokatwa. Mwanamke mzima aliyechagua mwenyewe, sina neno naye. Lakini mtoto asilazimishwe wala kutishwa kwamba mume atamfukuza, na majani yanayowasha yanayopakwa wakati wa kuvuta yanaweza kuleta vidonda. Akisema hapana, shangazi amwache.

Mama aliyekeketwa akija kuzaa, tufanye nini?

Mmoja alikuja kwetu, mwenyeji wa kaskazini ya Kenya, mimba ya miezi saba. Alikaa mwisho wa benchi, akaachia wengine zamu yake mara tatu. Baadaye aliniambia sababu: kwingine alikopimwa, muuguzi alipomfunua aliita wenzake waje kutazama.

Basi funga mlango, vuta pazia, mwombe ruhusa kabla ya kumgusa. Muulize alikatwa lini, anakojoa vipi, alizaa vipi mara ya kwanza. Kama uke wake umefungwa, yaani ile aina ya tatu, apelekwe mapema kwenye hospitali yenye daktari anayejua kufungua, asisubiri uchungu umkute nyumbani. Akishazaa, hata familia ikiomba, asishonwe tena kama alivyokuwa. Na kama mtoto ni wa kike, zungumza na baba pia, siku hiyohiyo, kabla hawajarudi nyumbani.