Kiziwi Apigaye Kelele: Kinga za Nondo wa Yponomeuta

Swali lililonivuta kuwachunguza nondo wa jenasi ya Yponomeuta ni hili: mdudu mweupe pe, mwenye vitone vyeusi vilivyojipanga kwa safu, anayeonekana hata na asiyemtafuta, anasalimikaje?

Kinga yake huanza akiwa yai. Mwishoni mwa majira ya joto jike hutaga mayai juu ya kijiti, akiyapandanisha kama vigae, kisha huyafunika kwa ute ambao ukikauka huwa ngao ngumu. Viwavi huanguliwa kabla ya baridi, lakini hubaki chini ya ngao hiyo hadi majani mapya yachipue. Hapo hutoka na kufuma utando wa pamoja. Viwavi wa Yponomeuta evonymella, ambao hula majani ya Prunus padus, mti wa jamii ya mcheri (Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeasisi mfumo wa majina ya viumbe, aliwapa jina la mmea mwingine ambao hata hawaugusi), wanaweza kuuvisha mti mzima hariri ya kijivu kuanzia matawi hadi shina. Wenye bustani huogopa na kukimbilia sumu. Mimi huwasihi wasubiri, kwa kuwa mti huo kwa kawaida hutoa majani mengine msimu uleule.

Nondo kamili hana utando tena, naye huruka usiku, wakati wa popo. Nondo wengi humsikia popo wakakwepa, na baadhi ya wenye ladha mbaya humjibu kwa milio ya onyo. Yponomeuta hana masikio kabisa, lakini mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walionyesha kwamba naye hutoa milio ya namna hiyo, yenye masafa ya juu kupita uwezo wa sikio la binadamu. Chanzo chake ni kipande cha bawa la nyuma kisicho na magamba, chenye mikunjo midogo iliyopangwa mfululizo. Bawa linapojipinda katika kuruka, mikunjo hiyo hubonyea mmoja baada ya mwingine, mithili ya kifuniko cha kopo kinachobonyezwa kwa kidole, na kila pigo la bawa hutoa mikupuo miwili ya milio. Kwa kuwa hawezi kujua popo yuko wapi, hulia muda wote anaporuka, bila kujisikia. Kwangu huu ni mmoja wa ufumbuzi mzuri kuliko yote niliyoiona kwa wadudu, maana onyo halimgharimu uamuzi wowote: kuruka kwenyewe ndiko kuonya.

Adui asiyezuiwa na utando wala milio ni nyigu mdogo sana, Ageniaspis fuscicollis. Yeye hutaga yai lake ndani ya yai la nondo. Kiwavi huanguliwa, hupita baridi na kunenepa kama wenzake, huku yai lile moja la nyigu likijigawa ndani yake na kuwa makumi ya viluwiluwi, ambao mwishowe humla na kuliacha ganda lake limejaa nyigu watupu.