Je, wajua patenti inamsaidia kweli fundi wa jua kali?

Ukipita Kibuye hapa Kisumu utaona mashine za kukata nyasi ya ng'ombe zimepangwa nje ya kibanda, na za kibanda kinachofuata ni zile zile, hata weldingi iko pale pale. Wa kwanza kuitengeneza atakuambia tu "walikopi yangu". Sasa si angechukua patenti, ile haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasikopi kitu ulichobuni?

Angechukua, lakini ngoja. Patenti huku kwetu inatolewa na KIPI, ile taasisi ya serikali ya mali ya ubunifu kule Nairobi, na inadumu miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Kitu lazima kiwe kipya dunia nzima, sio kipya Kibuye tu. Kama umegeuza kisu kidogo kikakata vizuri zaidi, pengine utapata kile cheti kidogo cha yutiliti modeli, miaka 10, masharti yake si makali hivyo. Na ukishaonyesha watu mashine yako sheria inakupa miezi 12 upeleke maombi, ikipita imekula kwako, na mafundi wengi wanakumbuka karatasi wakati mashine imeshafika Bondo na Kakamega kitambo.

Halafu wengi hawaambiwi hii: KIPI hawazunguki sokoni kufunga vibanda vya watu. Ukiibiwa unashtaki wewe, wakili unalipa wewe, na patenti ya Kenya inaishia Busia, akikopi mtu wa upande wa Uganda utafanya nini? Tena maombi yenyewe yanachapishwa, kila mtu anasoma vile umetengeneza, kwa hivyo kama dili yako ni resipe ya pilipili usipeleke huko, ifiche tu.

Mimi naona patenti inalipa kama unataka kampuni kubwa ikulipe ndio itengeneze kitu chako. Wakati mwingine kukopiwa ndiko kunasaidia. Jiko lenye udongo ndani, lile la miaka ya 1980 lililotokana na jiko la Thailand, halikuwekewa patenti, mafundi wakalikopi kila mahali na likaingia nyumba nyingi za mjini.

Kwa mama anayesaga siagi ya njugu Nakuru cha maana ni jina, na hapa watu wanachanganya sana. Kusajili jina la biashara kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, hakumzuii mtu kuuza njugu zake kwa jina lako. Kinachomzuia ni alama ya biashara, hiyo pia ni ya KIPI, miaka 10 na unairenew mara nyingi utakavyo. Wanaitangaza kwa jarida lao, watu wana siku 60 za kupinga. Lakini kabla ya yote lipia wakuangalizie kama jina liko huru, ufanye hivyo kabla hujachapisha stika za chupa, si baada.