Kuskani Barua Yenye Muhuri Sio Kuchapisha: Wekeni Faili Ambazo Kila Mtu Anaweza Kusoma

Tangu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Kenya ya 2025 ichukue nafasi ya ile ya 2003, malalamiko kuhusu matangazo ya mtandaoni yamezidi kufika mezani kwetu na mengi yanafanana sana. Mtu asiyeona amesikia kuna basari, ameingia kwa tovuti, amepakua tangazo, amelifungua, na programu ya kusoma skrini inamwambia ukurasa hauna kitu. Faili iko, fomu iko, tarehe ya mwisho iko, lakini yote ni picha ya karatasi. Sasa huyo atajuaje kwamba mwisho ni Ijumaa?

Najua hakuna afisa wa mawasiliano anayeamka asubuhi akipanga kumfungia mwenzake nje. Shida ni mazoea. Barua inaandikwa vizuri kabisa kwa Word, inaprintiwa, inapelekwa kwa bosi inatiwa sahihi, inapigwa muhuri, halafu inapita kwa mashine ya kuskani na kinachopandishwa kwa tovuti ni ile picha. Yaani maandishi yalikuwepo na tumeyapoteza wenyewe njiani. Tukiuliza tunaambiwa ati bila muhuri watu hawataamini. Sawa, wekeni yenye muhuri kwa anayeitaka, lakini kando yake wekeni ile iliyotoka kwa Word moja kwa moja, ni kazi ya dakika mbili. Na tafadhali msituambie kompyuta siku hizi zinaweza kutoa maandishi kwa picha zenyewe. Zinaweza, kama karatasi ni safi na haijapinda, ila muhuri wetu wa wino tunapenda kuupiga pale chini, juu ya jina na tarehe, na hapo ndipo 8 inasomwa 3.

Ukitaka kujua faili yako ni ya aina gani, jaribu kuburuta kipanya juu ya maneno. Kama huwezi kuchagua neno moja ukalikopi, hiyo ni picha. Kama maneno yanachagulika, bado kuna kazi. Vichwa viwe vimewekwa kwa staili za vichwa zilizo ndani ya Word, sio kukoleza wino na kuongeza saizi tu, kwa sababu msomaji asiyeona anaruka kutoka kichwa hadi kichwa vile wewe unavyopitisha macho, na kama hakuna vichwa basi atasikiliza kurasa 60 za bajeti kuanzia mwanzo. Halafu unapotengeneza PDF, tumia njia ya kuhifadhi kama PDF, usitumie ile ya kuprinti kwenda PDF, kwa sababu ya kuprinti kwa kawaida inatupa tagi zote, yaani alama za ndani zinazoiambia programu hiki ni kichwa, hiki ni aya, na kazi yako yote ya vichwa inaenda bure. Hili tunalirudia kila warsha na bado faili zinakuja vilevile.

Lugha nayo. Watu wengi wanaandika Kiswahili ndani ya hati ambayo Word inadhani ni ya Kiingereza. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa masikio, sauti ya Kiingereza inachukua "mtoto wake" inasema "weik", inachukua "pale ofisini" inasema "peil", na baada ya aya mbili mtu amechoka ameacha. Sauti za Kiswahili zipo, hata NVDA ambayo ni programu ya bure ya kusoma skrini kwenye Windows inakuja na moja, lakini hati isiposema yenyewe kwamba ni ya Kiswahili, mara nyingi msomaji anabaki na sauti aliyokuwa nayo. Chagua maandishi yote, weka lugha, basi.

Majedwali ya majina ya waliofaulu msiyapambe kwa kuunganisha visanduku, safu moja iwe jina, nyingine wadi, nyingine kiasi, na ile mistari ya juu iwekwe iwe kichwa cha jedwali, la sivyo mtu anasikia "elfu kumi, elfu nane, elfu kumi" bila kujua ni za nani. Rangi pia: WCAG, kiwango cha kimataifa cha kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1, na ile kijivu nyepesi juu ya nyeupe mnayoipenda sana haifiki hapo. Video ziwe na maandishi chini yaliyokaguliwa na mtu, na mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya aonekane vizuri, asikatwe mikono na nembo ya ofisi. Na mabango ya WhatsApp na Facebook, yale yote yaliyo kwa bango yaandikwe tena kwa ujumbe wenyewe: siku, mahali, namba ya simu. "Tazama bango" haimsaidii asiyeona.

Haya yote hatujayatunga sisi. KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina kiwango KS 2952 cha 2022 kuhusu vifaa na huduma za kidijitali, Katiba kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kifungu cha 5, inataka taasisi za umma zinapotoa habari zifikirie jinsi ya kuwafikia watu wenye ulemavu.

Na kwa mwananchi, utaratibu wa kuomba habari kwa sheria hiyo ya 2016 ni huu, na sio lazima uje na wakili. Unaomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na sema wazi unataka faili ya namna gani. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, unaweza tu kutozwa gharama halisi ya kutoa nakala. Kama huwezi kuandika, afisa ndiye anapaswa kukusaidia. Jibu lije ndani ya siku 21, na kama linahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Taasisi inaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama ombi ni kubwa. Ukinyimwa, una siku 30 kupeleka kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile watu wanaita Ombudsman. Afisa anayekataa kupokea ombi, au kumsaidia asiyeweza kuandika, au kujibu kwa wakati, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 3, au vyote viwili. Sisemi kila faili mbovu ni kesi, hilo linaamuliwa na wenye mamlaka, lakini maafisa wengi hawajui kwamba sheria inawagusa wao binafsi.

Kuna wachapishaji pia wanaodhani kumtengenezea asiyeona nakala ya kitabu ni kuiba hakimiliki. Hapana, na imechosha kuisikia. Kenya ilijiunga 2017 na Mkataba wa Marrakesh, mkataba wa kimataifa unaoruhusu nakala za vitabu kwa wasioona, na Sheria ya Hakimiliki ikarekebishwa 2019. Taasisi zinazoruhusiwa zinaweza kutengeneza nakala hiyo bila kutafuta faida na bila kumwomba mwenye haki, na kwa kuwa Tanzania na Uganda nazo ni wanachama, kitabu cha Kiswahili kilichoandaliwa Nairobi kinaweza kumfikia msomaji wa Tanga kihalali. Ila mchapishaji akitoa EPUB, yaani faili ya kitabu cha kidijitali, iliyopangwa vizuri tangu mwanzo, hiyo kazi ya pili haitahitajika kabisa.

Kuhusu faili za zamani, hatudai mzirekebishe zote mwezi huu. Anzeni na zenye tarehe ya mwisho ambayo haijapita: kazi, tenda, basari, vikao vya maoni ya umma. Za miaka ya nyuma zinaweza kungoja mtu aziombe, na akiomba, siku 21 zimeanza kuhesabiwa.